"Niliibiwa simu" si "I was stolen my phone": kauli ya kutendwa ya Kiingereza kwa aliyekulia Kiswahili

"I was stolen my phone." Sentensi hii utaikuta kwenye barua za kuomba ruhusa kazini, kwenye maelezo ya kuripoti wizi, kwenye ujumbe wa kawaida wa simu. Aliyeiandika hakukosea kufikiri. Alikuwa na sentensi nzuri kabisa kichwani, niliibiwa simu, akaibeba kipande kwa kipande: nili- na -iwa zikawa "I was", iba ikawa "stolen", simu ikawa "my phone". Vipande vyote vimefika salama, lakini sentensi yenyewe haikufika. Kwa sikio la Kiingereza aliyeibwa hapo ni mwandishi mwenyewe, na simu imebaki inaning'inia mwishoni haina kazi.

Wengi wetu tuliojifunza Kiingereza juu ya Kiswahili tumepita hapo, tena baada ya kufaulu zoezi la "active voice" na "passive voice" darasani. Ndiyo maana inauma. Jedwali umelikariri, vema umewekewa, halafu miaka kadhaa mbele mtu anakuuliza kwa upole ulimaanisha nini. Jedwali halikuwa na kosa. Tatizo ni kwamba kauli ya kutendwa ya Kiswahili ina milango mingi kuliko ya Kiingereza, na darasani hatukuonyeshwa ni ipi ambayo upande wa pili imefungwa.

Pale "is" inapokudanganya

Kwa Tanzania safari hii huanza kidato cha kwanza. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali amesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili kwa miaka yote. Ghafla baiolojia, kemia na jiografia zote ni kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza hajafika kwenye mada ya kutendwa, lakini vitabu vya sayansi vimejaa kutendwa tangu kurasa za mwanzo: "Water is heated", "The mixture is filtered", "Blood is pumped by the heart". Mtoto hana ufunguo, na anaona aibu kuuliza kwa sababu maneno yenyewe yanaonekana mepesi.

Alichofundishwa huko nyuma ni kwamba "is" ni "ni" na "was" ni "alikuwa". Hapo ndipo mguu unapoteleza. Ziweke sentensi hizi mbili pamoja uzitazame kwa karibu: "The goat was eating" na "The goat was eaten". Maneno manne kila moja, matatu yanafanana herufi kwa herufi. La nne linatofautiana mwishoni tu, -ing na -en. Kwenye ya kwanza mbuzi yuko malishoni anatafuna majani. Kwenye ya pili mbuzi hayupo tena, ameliwa. Anayesoma "was" kama alikuwa na kisha akakisia yaliyobaki, ataelewa zote mbili kuwa mbuzi alikuwa anakula, na jibu lake la ufahamu litakuwa kinyume cha habari.

Basi usitafsiri "is", "are", "was" au "were" ikiwa peke yake. Ngoja neno linalofuata. Likiishia na -ing, mtu anatenda, isipokuwa "being", ambayo husema bado anatendwa. Likiwa umbo la tatu la kitenzi, lile la safu ya tatu kwenye "eat, ate, eaten", mtu anatendwa. Likiwa jina au sifa, kama "teacher" au "tall", hapo ndipo "is" inakuwa "ni".

Sababu ya ugumu huu ni ya kimaumbile. Kiswahili huweka kutendwa ndani ya kitenzi kwa sauti moja: piga, pigwa; nunua, nunuliwa; toa, tolewa. Kiingereza hakina -w- hiyo. Kazi yake kimeigawa kwa maneno mawili, kitenzi kisaidizi "be" na umbo la tatu, na ukidondosha mojawapo hubaki na nusu ya kutendwa. Kudondosha "be" ndiyo hatari zaidi. "The teacher was invited" ni mwalimu alialikwa. Ukiandika "The teacher invited" umesema mwalimu alialika, na msomaji anasubiri kusikia alimwalika nani. Kosa la neno moja dogo limebadilisha mgeni kuwa mwenyeji.

Kugeuza, hatua kwa hatua

Chukua "The tailor is sewing the uniforms". Anza na kitenzi, usianze na mwanzo wa sentensi. Kitenzi ni "is sewing". Uliza: anashona nini? Sare. Kwa kuwa jibu lipo, sentensi inageuzika. Kama hakuna yambwa, yaani kitu kinachotendwa, acha hapo hapo. Sasa tambua wakati: tendo linaendelea sasa hivi. Weka "be" kwenye wakati huo huo: linaloendelea sasa hivi kwa "be" ni "is being" au "are being". Sare ni nyingi, basi "are being". Kisha umbo la tatu la "sew", yaani "sewn". Yambwa ipande mbele, mtenda ashuke nyuma akiwa na "by": "The uniforms are being sewn by the tailor".

Wanaokosea hapa mara nyingi hupoteza wakati njiani. Wanapewa "The farmers have harvested the maize", wanaandika "The maize was harvested". Kwa Kiswahili wakati hauhami: wakulima wamevuna, mahindi yamevunwa, -me- imekaa palepale na wala hukuifikiria. Kwa Kiingereza wakati unahama kutoka kitenzi kikuu kwenda kwenye "be", na anayehamisha ni wewe. Jibu ni "The maize has been harvested", na "have" imekuwa "has" kwa sababu kiima kipya, yaani neno linalotangulia kitenzi, ni "maize", ambalo Kiingereza hulihesabu kama umoja hata kama ni magunia mia.

Kuna kipimo kimoja cha kuhesabu ambacho kinaokoa alama nyingi. Hesabu maneno ya kitenzi kabla na baada. Sentensi ya kutendwa lazima izidi kwa neno moja, si pungufu si zaidi. "Writes" ni moja, "is written" mawili. "Wrote" moja, "was written" mawili. "Is writing" mawili, "is being written" matatu. "Has written" mawili, "has been written" matatu. "Had written", "had been written". "Will write", "will be written". "Must write", "must be written". "Will have written" matatu, "will have been written" manne. Ukikuta hesabu haijaongezeka kwa moja, umesahau "be", "being" au "been". Neno lililozidi daima ni moja ya hayo.

Kipimo hiki kina mahali kinapokwama: kwenye maswali na ukanushi wa "do", "does" na "did". Vitenzi hivyo hufa kabisa sentensi ikigeuzwa, kwa sababu "be" haihitaji msaada. "Did your mother cook the food?" inakuwa "Was the food cooked by your mother?" na "They do not sell milk here" inakuwa "Milk is not sold here". Ukiona mtu kaandika "Did the food was cooked?", ujue "did" ilikataa kufa. Swali la "who" lina njia yake pia: "Who broke the window?" hugeuka "By whom was the window broken?" au, kwa usemi wa kila siku, "Who was the window broken by?"

Viwakilishi navyo vina mtego, kwa kuwa Kiswahili kina "yeye" mmoja tu mahali pote. "They chose her" haiwi "Her was chosen". Akipanda kuwa kiima anabadilika: "She was chosen". Vivyo hivyo "him" huwa "he", "them" huwa "they", "us" huwa "we".

Na mtenda, abaki au aondoke? Kama ni "someone", "people" au "they", mwondoe. "Someone has stolen my bag" ni "My bag has been stolen", basi. Kuongeza "by someone" ni kubeba mzigo mtupu. Kama ni mtu au kitu mahususi, kwenye mtihani mbakishe. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne wa Kenya, karatasi ya pili ya Kiingereza, huwa na sehemu ya sarufi yenye sentensi za kuandika upya bila kubadilisha maana, na kumdondosha mtenda aliyetajwa ni kubadilisha maana.

Safu ya tatu

Hapa hapana ujanja, ni kukariri. Lakini kuna kukariri kwa akili. Usisome orodha ya alfabeti. Panga kwa familia. Vitenzi vya kawaida vinavyoishia -ed havina kazi, umbo la pili na la tatu ni moja. Vile ambavyo havibadiliki, "cut", "put", "hit", "hurt", "shut", vikariri kwa siku moja. "Read" huandikwa vilevile safu zote tatu ila matamshi hubadilika. Kundi la "buy, bought, bought" na "teach, taught, taught" nalo umbo la pili na la tatu ni moja.

Makosa karibu yote hutoka kwenye kundi ambalo safu ya pili na ya tatu zinatofautiana: "write, wrote, written", "steal, stole, stolen", "break, broke, broken", "choose, chose, chosen", "drive, drove, driven", "take, took, taken", "give, gave, given", "see, saw, seen", "eat, ate, eaten", "drink, drank, drunk", "begin, began, begun". Umbo la pili umelizoea kwenye masimulizi, kwa hiyo ndilo linalokuja mdomoni: "The food was ate", "The car was drove", "The letter was wrote". Vitenzi kama 30 vya kundi hili, 5 kwa siku, vikisemwa kwa sauti na si kusomwa kwa macho tu, vinakaa ndani ya wiki moja. Lakini kila kimoja kitumie ndani ya sentensi ya kutendwa papo hapo. "Stolen" ikiwa peke yake husahaulika. "My bicycle was stolen" haisahauliki.

Angalia pia majirani wanaofanana. "Found" ni umbo la tatu la "find", kupata au kukuta. "Founded" ni la "found", kuasisi. "TANU was founded in 1954" ni chama kiliasisiwa. Ukiandika "TANU was found in 1954" umesema kilikutwa mahali kama funguo zilizopotea. "Hung" ni kwa picha ukutani, "hanged" ni kwa mtu aliyenyongwa. "Beat" safu ya pili ni "beat" ile ile, ya tatu "beaten", "beated" haipo.

"Na" ya Kiswahili haiko sawa na "by"

Kiswahili hutumia "na" kwa mtenda na "kwa" kwa kifaa: nyoka aliuawa na kijana, nyoka aliuawa kwa fimbo. Kiingereza hutenganisha vivyo hivyo, "by a boy" na "with a stick", kwa hiyo ukifuata na/kwa hapa upo salama. Usalama unaishia hapo. Chungu kimejaa maji ni "filled with water". Mlima umefunikwa na theluji ni "covered with snow". Anajulikana na wote ni "known to everyone". Meza imetengenezwa kwa mbao ni "made of wood", kwa kuwa mbao bado unaiona. Ugali hutengenezwa kwa unga wa mahindi ni "made from maize flour", kwa kuwa kitu kimegeuka kingine.

La ndoa ndilo linaloaibisha watu. Ameolewa na mwalimu: wengi huandika "She was married by a teacher". Kwa Kiingereza "married by" humtaja aliyefungisha ndoa, padri, shekhe au msajili wa ndoa. Mume ni "married to": "She is married to a teacher".

"By" ina maana nyingine isiyohusu mtenda kabisa. "The report will be written by Monday" haisemi Jumatatu ndiye mwandishi. Inasema ifikapo Jumatatu ripoti iwe imeandikwa. Ukikuta "by" ikifuatwa na siku, saa au tarehe, mtenda hakutajwa.

Milango iliyofungwa

Sasa turudi kwenye simu iliyoibwa, maana hapa ndipo penye uzito wa jambo lote.

Kiswahili kinamruhusu mtu aliyeguswa na tendo awe kiima, hata kama tendo halikumwangukia yeye moja kwa moja. Niliibiwa simu. Alikatwa mkono. Tulipikiwa wali. Nilifunguliwa mlango. Alishonewa gauni. Amefiwa na baba. Tulinyeshewa na mvua. Hizi ni sentensi nzuri, zinamweka binadamu mbele, na hakuna sababu ya kuzionea haya. Ila Kiingereza huuliza swali kali zaidi: ni kitu gani hasa tendo limekiangukia? Hicho ndicho hupanda kuwa kiima.

Kilichoibwa ni simu: "My phone was stolen". Kilichokatwa ni mkono: "His hand was cut". Kilichofunguliwa ni mlango: "The door was opened for me". Kilichopikwa ni wali: "Rice was cooked for us". Ukitaka mtu abaki mbele, Kiingereza kina njia nyingine, "have" pamoja na kitu na umbo la tatu: "I had my phone stolen", "She had a dress made". Njia hii ni dhahabu kwa Mswahili na haifundishwi vya kutosha. Nimenyolewa kwa kinyozi ni "I had my hair cut", wala si "I was shaved my hair" wala "I cut my hair", ambayo humaanisha umejinyoa mwenyewe.

Kipimo chake ni hiki: rudisha sentensi kwenye kutenda kwa kuanza na "they", ukiweka kiima chako nyuma ya kitenzi. "I was stolen" inarudi "They stole me", waliniiba mimi. "I was opened" inarudi "They opened me", walinifungua mimi kama mlango. Maana si hiyo, basi sentensi ibadilishe. "I was told" inarudi "They told me", sawa kabisa. "I was given a book" inarudi "They gave me a book", sawa. "I was taught chemistry", "I was promised a job", "I was paid" zote zinapita.

Kwenye vitenzi vya kupa Kiingereza ni kipana kuliko Kiswahili kwa mara moja: unaweza kusema "The child was given a book" na pia "The book was given to the child". Kiswahili hakikubali kitabu kilipewa mtoto.

Kipimo cha "they" hukwama mahali pamoja, na ni vizuri ujue mapema. Kiswahili kinasema walinieleza tatizo, kwa hiyo "They explained me the problem" haikushtui, unaiona sawa, na "I was explained the problem" inapita. Zote mbili ni makosa. "Explain", "describe", "suggest", "announce" na "say" hazipokei mtu moja kwa moja, zinataka "to". Kwa hiyo "The problem was explained to me", "It was suggested to us". Hizi tano zikariri kama zilivyo. "Niliambiwa" ni "I was told" na kamwe si "I was said".

Amefiwa na tulinyeshewa hazigeuki moja kwa moja kuwa kutendwa, kwa sababu "die" na "rain" hazina yambwa; "rain" hugeuka tu kwa msaada wa "on". Sema "He has lost his father" au "His father has died". Sema "We were rained on", ukibakisha "on", au "We got caught in the rain".

Hiyo "on" inatupeleka kwenye kosa la jirani. Alichekwa na wenzake: "He was laughed by his friends". Kwa Kiingereza mtu hachekwi, anachekwa juu yake: "They laughed at him". Kihusishi hicho, yaani "at", hakiruhusiwi kuachwa nyuma sentensi inapogeuka: "He was laughed at by his friends". Ndivyo ilivyo kwa "The children were looked after by their grandmother". Chumba kinalalwa na watu wawili ni "The room is slept in by two people". Inasikika ngeni kwa sababu vihusishi viwili vinagongana, "at by", "after by", "in by", lakini ndivyo ilivyo sahihi.

Na kuna kiongezeko kinachokuja kinyume. "They made him wait" haina "to", lakini "He was made to wait" inayo. "We saw him enter" haina, "He was seen to enter" inayo. Ukiiacha, alama imepotea.

-ika na -eka

Kiswahili kina kauli nyingine kati ya kutenda na kutendwa: kikombe kimevunjika, mlango umefunguka, maji yamemwagika. Haina mtenda, hatusemi kikombe kimevunjika na Juma. Kiingereza hakina kiambishi cha kazi hii. Mara nyingine hutumia kitenzi kile kile cha kutenda: "The door opened", "The cup broke". Mara nyingine hutumia hali: "The cup is broken". Na mara nyingine hubidi utafute neno jingine kabisa. Maji yanapatikana ni "Water is available". Barabara haipitiki ni "The road is impassable". Fomu inahitajika ni "The form is required", na hapa wengi huandika "The form needs", ambayo inasema fomu ndiyo yenye shida ya kitu fulani. Inasemekana ni "It is said", inaaminika ni "It is believed".

Kutoka hapo huzaliwa kosa ambalo hata waliosoma sana hulifanya: "The accident was happened", "The problem was occurred", "He was disappeared". Ajali haikufanya kwa hiari yake, hivyo akili inataka kuiweka kwenye kutendwa. Lakini "happen", "occur", "appear", "disappear", "arrive", "die" na "fall" hazina yambwa, na kisicho na yambwa hakina kutendwa. "The accident happened." Vipo pia vyenye yambwa ambavyo havigeuki: "have", "lack", "resemble", "fit", "cost". "A car is had by him" hairuhusiwi popote.

Mahali pa kuona haya yote yakifanya kazi pamoja ni ripoti ya maabara. Chukua zoezi la kutaitreti asidi na besi, yaani kuongeza asidi kidogo kidogo kwenye besi hadi rangi ibadilike. "The burette was filled with hydrochloric acid. 25 cm³ of sodium hydroxide solution was transferred into a conical flask with a pipette. Two drops of phenolphthalein were added and the solution turned pink. The acid was added slowly until the pink colour disappeared." Tazama vitenzi. Bureti ilijazwa, myeyusho ulihamishwa, matone yaliongezwa: kuna mkono wa mtu, basi ni kutendwa, na mkono wenyewe hautajwi kwa sababu yeyote akirudia jaribio apate jibu lile lile. Lakini myeyusho uligeuka pinki wenyewe na rangi ilitoweka yenyewe: "turned", "disappeared", bila "was". Anayeandika "the solution was turned pink" ameingiza mkono ambao haukuwepo. Ona pia "was" kwenye 25 cm³, kipimo kimoja, na "were" kwenye matone mawili.

Nje ya darasa

Ukishazoea umbo, linabaki swali la lini ulitumie, na hapa shule humwacha mtu njiani. Kuna zoezi la kugeuza sentensi mia, hakuna zoezi la kuamua. Mwanafunzi huhitimu akidhani kutendwa ni Kiingereza cha hadhi ya juu, anakijaza kila mahali.

Kanuni ya kuamua ni habari unayoizungumzia. Kama unaeleza Fort Jesus ya Mombasa, anza nayo: "Fort Jesus was built by the Portuguese between 1593 and 1596". Kama unaeleza Wareno na mambo waliyofanya pwani, anza nao: "The Portuguese built Fort Jesus". Zote mbili ni sahihi, kila moja ina aya yake.

Kwenye wasifu wa kuomba kazi kutendwa hukupunguzia. "The accounts were managed by me" inamficha mwombaji nyuma kabisa ya mstari, mahali ambapo mwajiri anamtafuta yeye. Andika "I managed the accounts" au "Managed accounts for three branches".

Kwenye mihtasari ya vikao kutendwa kuna nafasi yake halali: "The minutes of the previous meeting were read and confirmed". Hapo hakuna anayehitaji kujua nani alisoma. Lakini mstari wa maazimio ni jambo jingine. "It was agreed that the pump be repaired" ni sarufi safi, kila neno liko mahali pake, na mwezi unaofuata pampu bado mbovu kwa sababu hakuna jina. Hapo rudi kwenye kutenda na utumie "by" ile ya tarehe: "The treasurer will have the pump repaired by 30th June". Ndani ya mstari huo mmoja kuna mtu anayewajibika, kuna ile njia ya "have" pamoja na umbo la tatu, kwa kuwa mhazini hataitengeneza kwa mikono yake, na kuna siku ya kumuuliza.